Kaniki Niliyoikata Matambara



Wale mnaonijua tangu nikishona Mwanakwerekwe mnakumbuka kwamba niliolewa bara. Huu ni mwaka wa tisa niko Bariadi, mkoa wa Simiyu. Nina duka la ushoni karibu na soko, cherehani tatu na ovaloki moja, na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Mara hii sikuja na mshono mpya wala mapishi. Nimekuja na habari ya nguo moja nyeusi, na aibu niliyoipata kwa ajili yake, na yale niliyoyasoma baadaye nikitaka kujua kwa nini niliiona mbaya.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mavyaa wangu alikuja kutoka kijijini na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kaniki mpya, bado ina ule ugumu wa dukani na weusi unaobakia kwenye vidole. Akasema ni ya kumbebea mtoto na ya kujifunika mwenyewe. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na usiku nikaitia chini kabisa ya sanduku. Moyoni nilikuwa nimeudhika. Kwetu Unguja bibi yangu mzaa mama hakuruhusu kaniki iingie ndani ya nyumba yake, hata ya kupigia deki. Akimuona mtu ameivaa alikuwa akisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mie nilitarajia doti ya kanga, au kitenge, au hata shuka la kitanda, nikaletewa kaniki. Nikajiambia huyu mama ananidharau.

Ikakaa sandukuni miaka mitano. Siku moja matambara ya kufutia mafuta ya cherehani yakaniishia, nikaikumbuka, nikaitoa, nikaikata vipande vinane kwa mkasi wa kazini. Ilikuwa nguo nzito, inanyonya mafuta vizuri. Wiki ile ile mavyaa akaja mjini siku ya soko, akaingia dukani kunisalimia, akakuta kipande kimoja juu ya meza. Akakichukua, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakigeuza. Aliijua nguo yake. Aliniuliza neno moja tu, "Inafuta vizuri?" Nikasema ndiyo, mayu. Akakikunja, akakirudisha pale pale, akanywa chai, akaenda zake. Jioni bwana'ngu ndipo aliponiambia kwamba ili kuinunua ile nguo mama yake aliuza choroko alizokuwa ameziweka mbegu.

Nililia, lakini kilio si jibu. Kazi yangu mie ni kusema kipi kizuri na kipi kibaya. Mteja anakuja na kitambaa, ananiuliza kitampendeza au hakitampendeza, na ananilipa kwa sababu anaamini jicho langu. Mwalimu wetu wa ushoni alitufundisha kukipima kitambaa kwa vidole kwanza: uzi umesokotwa sawa, mfumo umebana, rangi haichujiki ovyo, na ukikiinua juu kinaangukaje. Kwa vipimo hivyo vyote kaniki ile ilikuwa nguo njema, pamba tupu, imebana, haina pengo. Sasa ubaya wake niliuona wapi? Maana niliuona kabla vidole havijaigusa.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Bariadi si mahali pa maktaba kubwa, lakini simu ninayo, na wateja wangu wawili ni walimu wa sekondari wanaopenda vitabu kuliko mishono.

Kaniki haikuanza kwetu wala haikuanza huku. Ilitoka Bara Hindi, pande za Gujarat na Kutch, ni pamba iliyochovywa kwenye nili mara nyingi mpaka buluu ikakolea na kuwa kama nyeusi. Katika karne ya 19 ilikuwa ikishushwa bandarini Unguja pamoja na mwenzake, merikani, ile nguo nene isiyopaushwa iliyofumwa Marekani na kuletwa na majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Seyyid Said na Wamarekani walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833, na kufika 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, alikuwa ameshakaa mjini Unguja. Ndiyo maana mpaka leo fundi akitaja merikani hamfikirii Marekani hata kidogo, mnafikiria kitambaa cha bitana.

Basi hapo bandarini magora yaligawanyika njia mbili, na mie naona hadithi yote imo katika mgawanyiko huo.

Njia ya kwanza ilikuwa fupi. Ilikwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na kwenye nyumba za mji. Watumwa walivishwa nguo hizo za bei ya chini, wanaume merikani, wanawake kaniki waliyojifunga kifuani. Kichwa hakikufunikwa. Kujitanda ilikuwa heshima ya mwungwana, na mjakazi hakuwa nayo. Ukimuona mwanamke njiani huna haja ya kumuuliza ni nani, nguo ilikwisha kusema.

Njia ya pili ilikuwa ya miezi. Magora yalivukishwa mpaka Bagamoyo, yakafungwa mizigo ya kubebwa begani, yakapanda na misafara mpaka Tabora, na kutoka hapo mengine yakaendelea kaskazini mpaka nchi za huku kusini mwa ziwa. Waliobeba walikuwa wapagazi, na waliosifika kwa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, watu wa huku huku ninakoishi. Huku ndani nguo ilikuwa fedha. Ndiyo iliyolipiwa hongo kwa watemi ili msafara upite, ndiyo iliyonunulia chakula cha njiani, ndiyo ujira wa mpagazi. Mtu aliyerudi kwao na mikono kadhaa ya kaniki alikuwa amerudi na mali.

Na msidhani kwamba watu wa bara walipokea kila walicholetewa. Hapa nilicheka peke yangu dukani. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alipokuwa Unguja akijitayarisha aliona kazi ngumu kuliko zote ni kujua shanga gani na nguo gani zinapendwa wapi. Ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo kama fedha, ukiupeleka kwingine hakuna anayeutazama. Ushanga mweupe ulikubalika Ufipa, mahali pengine ukadharauliwa. Akaandika kwamba wanawake wa Afrika ni wateuzi wa shanga kama wanawake wa New York walivyo wateuzi wa vito. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa penye chakula tele. Siku hizi yupo mwanahistoria, Jeremy Prestholdt, aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2008 jinsi matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyoamua viwanda vya mbali vifume nini, mpaka Salem na Bombay. Waliokuwa wakichagua ni bibi zetu, na waliokuwa wakihangaika kuwaridhisha ni wenye viwanda.

Kwa hiyo nguo ni moja, nili ni moja, pengine hata jahazi lililoileta ni moja. Huku kaniki ikawa nguo ya mtu aliyekwenda pwani akarudi. Kwetu ikawa nguo ya mtu aliyechukuliwa bara asirudi.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Mwanahistoria Laura Fair, aliyekaa Zanzibar akazungumza na wazee na kuandika juu ya maisha ya Ng'ambo, anaeleza kwamba moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya wanawake waliotoka utumwani ilikuwa kubadili mavazi. Hawakungoja wapate nyumba wala shamba. Baadhi walianza kwa kutia michoro na rangi kwenye nguo zile zile walizokuwa nazo. Kisha wakaingia kwenye kanga, tena doti, moja ya kiunoni na moja ya kichwani, kile kichwa kilichonyimwa kitambaa. Baadaye likaja buibui, nalo likavaliwa na wa huku na wa kule mpaka usijue nani alikuwa nani.

Niseme kidogo kuhusu kanga kwa sababu kama fundi inanifurahisha. Inaelezwa kwamba ilianzia kwenye leso, vile vitambaa vya mraba vyenye maua. Wanawake walinunua leso zikiwa hazijakatwa, wakazishona pamoja kupata nguo moja pana. Yaani kanga ilizaliwa kwa mshono! Jina inasemekana lilitokana na madoadoa yaliyofanana na ya ndege kanga. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara hiyo katika miaka ya 1880, na alama ya Mali ya Abdulla mnaijua nyote. Maandishi yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu.

Nayo kaniki? Kaniki iliachwa nyuma pamoja na kumbukumbu zake. Ikawa tusi. Mfano mkubwa ni bibi yetu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, wazazi wake walikuwa watumwa. Alikuwa akitembeza vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay akarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Wenye wivu walipotaka kumvunja hawakusema anaimba vibaya, maana wangechekwa. Walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba bila ya ile sauti asingekuwa na cha kula. Kaniki ndiyo jiwe walilookota kumpigia. Siti akawajibu kwa wimbo, kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake, mtafute kitabu hicho.

Jibu la Siti tunalisifu miaka yote nami nalisifu. Ila nilipolisoma upya nikiwa na kipande cha kaniki mbele yangu niliona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa skuli. Siti aliutetea utu wake, hakuitetea kaniki. Hakusema ile nguo haina ubaya. Pengine haingewezekana kusema hivyo Unguja ya siku zile, jeraha lilikuwa bichi. Kwa hiyo nguo ikabakia mbaya, na watoto wakazaliwa wakaikuta mbaya, na wajukuu wakaikuta mbaya bila ya kuambiwa sababu.

Nilimpigia simu mama yangu. Nikamuuliza kwa nini bibi alikuwa akiichukia kaniki. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema kwamba bibi yake bibi aliletwa Unguja akiwa mtoto, na hakuletwa kwa hiari yake, na hayo hayazungumzwi. Akanihimiza nimsalimie bwana'ngu na watoto, akakata simu.

Sasa tuje kwenye lile swali lenyewe, tunahukumuje kitu kuwa kizuri. Mmoja wa wale walimu aliniazima kitabu kinachoeleza mawazo ya Mjerumani aitwaye Immanuel Kant, ambaye mwaka 1790 alichapisha kitabu kizima juu ya hukumu hii. Wallahi si usomaji wa kufanya huku chungu kiko jikoni. Nilichokielewa ni mambo mawili. Moja, kwamba ukitaka kuuhukumu uzuri kwa haki yake lazima uweke kando tamaa yako na faida yako, ukitazame kitu kwa kukitazama tu. La pili, kwamba mtu akisema kitu ni kizuri hasemi kama anayesema napenda pilipili. Anasema kana kwamba kila mtu angepaswa kukubaliana naye, ingawa hana ushahidi wa kuwalazimisha.

Hilo la pili lilinigusa. Bibi yangu hakuwahi kusema "mie kaniki siipendi". Alisema kaniki mbaya, na sisi tukaamini ni mbaya duniani kote, kama moto unavyounguza kote. Lakini lile la kwanza silikubali. Nani aliyewahi kukutana na nguo hivyo, bila ya kumuona ndani yake mtu aliyeivaa jana? Labda huko Ujerumani, kwa ua la bustanini. Kwa nguo haiwezekani.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amekwisha kulisema jambo hili kwa njia iliyonifaa zaidi. Katika Ihya, mlango wa mapenzi, anaeleza kwamba uzuri wa kila kitu ni kuwa na ukamilifu unaokifaa kitu hicho. Farasi mzuri ni yule aliyekamilika yale yanayomfaa farasi, umbo na rangi na mwendo. Hati nzuri ni ile iliyokusanya yale yanayofaa hati, herufi zilingane na zikae kwa mpangilio. Humpimi farasi kwa kipimo cha hati. Mie nikaongeza kwa lugha ya duka langu, kwamba usiipime kaniki kwa kipimo cha kisutu cha harusi. Kaniki ni ya kubebea mtoto, ya kulimia, ya kujifunika baridi ya asubuhi, ya kufulia mtoni mara mia. Kwa hayo imekamilika.

Na ipo ile hadithi sote tuliyosomeshwa madrasa, iliyo katika Sahihi Muslim, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, akihofia kwamba huko ni kiburi. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kila tukiisoma tunaisimamisha kwenye uzuri wa nguo, tukafurahi, tukaenda kununua abaya. Ule mwisho wake, wa kuwadharau watu, hatukai nao. Mie nilipokaa nao niliona kwamba siku ile nilipoitia kaniki chini ya sanduku sikuwa nikihukumu nguo.

Msije mkafikiri nasema uzuri wote ni mazoea tu na kila kitu ni sawa. Kama ingekuwa hivyo ningefunga duka. Njooni Bariadi miezi ya Mei na Juni, msimu wa kuuza pamba, maana Simiyu ndiyo nchi ya pamba. Uani kwa mavyaa mtamkuta ameketi chini mbele ya rundo, analitenganisha mafungu mawili: pamba safi na pamba fifi. Safi ni nyeupe, kavu, haina takataka. Fifi ni ile iliyobadilika rangi, iliyopigwa mvua, au iliyotiwa madoa na kangambili, mdudu mwekundu na mweusi anayefyonza mbegu. (Jina hilo lilinichekesha sana mara ya kwanza. Kanga mbili akiichafua pamba ambayo ingezaa kanga mbili!) Mikono yake haisiti. Nilijaribu kumsaidia, nikaweka tonge moja kwenye safi, akalirudisha kwenye fifi bila ya kunitazama. Nililishika tena juani nikaona kweli, lina unjano kama wa chai iliyomwagika mbali. Unjano ulikuwapo siku zote, jicho langu ndilo halikuufikia. Hakuna historia ya utumwa wala ya misafara iliyomwonyesha doa lile. Miaka arobaini ya kuchambua ndiyo iliyomwonyesha.

Kuna njia nyingine ya huku ya kuhukumu, na hii sijaiona popote. Baada ya mavuno vikundi vya ngoma vya Kisukuma hushindana. Vina asili mbili, Bagika na Bagalu, na wazee husimulia kwamba vilitokana na mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani zaidi. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna meza ya majaji. Mshindi ni yule aliyevutiwa na watu wengi zaidi. Ukichoka na huyu unahamia kwa yule, miguu yako ndiyo kura yako. Ndiyo maana wanaleta nyoka, wanaleta fisi, wanapanda juu ya vitu, wanabuni mambo mapya kila mwaka ili umati usihame. Mambo ya dawa za kuvuta watu yanayotajwa humo siyashabikii na bwana'ngu anajua. Lakini nilisimama pale mara moja, mtoto mgongoni, nikajikuta nimehama upande bila ya kuamua. Kant angesema nini kuhusu miguu yangu sijui. Umati una haki kwa siku ile. Mwaka unaofuata unaweza kwenda upande wa pili, na hakuna anayeona haya.

Unguja tulikuwa na umati pia, wanawake wa Ng'ambo wa miaka ile baada ya 1897. Wao walihama kutoka kaniki kwenda kanga, nao walikuwa na kila haki ya kuhama. Mie nimezaliwa upande waliohamia, nikadhani hakuna upande mwingine.

Nilimuuliza mavyaa, baada ya muda mrefu wa kutafuta ujasiri, yeye kaniki anaionaje. Alishangaa kwa swali lenyewe. Akanyoosha kidole nje, mbinguni kulikuwa kweupe, ilikuwa Septemba na ardhi imepasuka. Akasema wingu jeupe halina kitu ndani yake, wingu la mvua ni jeusi. Nikafahamu kwamba aliponiletea nguo ile nikiwa kitandani na kichanga, aliniletea alichoona ni kizuri kuliko vyote alivyoweza kununua.

Mwezi uliopita nilinunua kaniki mpya, ile nzito. Nikaipiga pindo pande zote nne kwa mshono wa kunyooka, polepole, kama ninayefanya mtihani. Nikaiona imepoa mno, nikaongeza mstari mmoja wa uzi mwekundu pembezoni, mwembamba, wa kuipendezesha. Mavyaa alipokuja siku ya soko nikampa kwa mikono miwili. Hakuikunjua kuitazama. Aliigeuza upande wa nyuma kwanza, akapitisha ukucha kwenye pindo kutoka pembe mpaka pembe, akaivuta kuona kama itaachia. Haikuachia. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaufikia ule mstari.

"Huu mwekundu wa nini?"

Nikasema wa kuipamba, mayu.

"Utoe."

Nikachukua kifumulio, nikakaa naye kizingitini, nikaanza kuufumua pembe ya kwanza, naye akinishikia pembe ya pili ili nguo isivutike.